Reli za Msumbiji katika Ramani za Kale

Askari anayekunjua ramani ya reli za Msumbiji iliyochapwa zama za Wareno huona jambo moja mara moja. Kila njia yatoka pwani na kushika safari ya bara peke yake, wala hakuna hata moja itokayo kusini kwenda kaskazini kuziunganisha. Pwani yenye urefu wa zaidi ya kilomita 2,400 ilikatwa vipande na watu waliohitaji bandari tu.

Mahitaji yenyewe yalikuwa ya majirani. Mwaka 1895 ilifunguliwa reli ya kutoka Lourenço Marques, ambayo leo ni Maputo, hadi Pretoria, kwa ajili ya migodi ya dhahabu ya Transvaal. Mwaka 1898 Wareno wakauhamisha mji mkuu kutoka Kisiwa cha Msumbiji, kaskazini, na kuupeleka huko kusini, karibu kabisa na mpaka wa Afrika Kusini. Mwenye kujenga nchi asingeuweka pembeni namna ile.

Beira nayo ilikua kwa mtindo huohuo. Reli yake, iliyoanza kujengwa mwaka 1892, ilifika Umtali, sasa Mutare nchini Zimbabwe, mwaka 1898. Hapo awali ilikuwa na upana wa sentimita 61 tu. Haikupita miaka mingi ikabidi ing'olewe na kupanuliwa. Umtali wenyewe ulihamishwa ng'ambo ya mlima ili uifuate reli! Nacala, yenye kina kirefu cha asili, iliunganishwa na Malawi mwaka 1970 tu.

Gharama ya ramani hiyo ilionekana baada ya uhuru. Tarehe 3 Machi 1976 Rais Samora Machel aliufunga mpaka na Rhodesia ya walowezi, na Beira ikapoteza shehena zake. Kisha RENAMO, iliyoundwa na Rhodesia na baadaye kulelewa na makaburu, ilishambulia reli na madaraja. Adui hakuhitaji kuiteka bandari; aling'oa mataruma porini, na bandari ikakabwa koo, kwa kuwa njia ya pili haikuwapo. Ndiyo sababu majeshi ya Zimbabwe yalilinda reli ya Beira, pamoja na bomba la mafuta lililo kandokando yake, mpaka vita vilipomalizwa na mkataba wa Roma wa Oktoba 1992.

Hadi leo, behewa litokalo Maputo kwenda Beira kwa reli hulazimika kupitia Zimbabwe.