Siku saba, kilima kimoja na wingu lenye mkasi

Kamera imefungwa juu ya stendi, kando ya kijito chembamba kwenye mteremko wa kaskazini wa kilima cha Carningli, kusini-magharibi mwa Wales. Kila baada ya sekunde 10 inapiga fremu moja. Inaanza jua linapochomoza, inaacha linapozama, na kesho yake inaanza upya, mpaka siku saba zitimie. Kanuni ni moja: jua likiwaka, kamera hutazama kivuli chake yenyewe ardhini. Wingu likilifunika jua, kamera hugeuzwa kutazama kule jua lilikojificha.

Filamu hiyo inaitwa Seven Days. Mwingereza Chris Welsby aliitengeneza mwaka 1974; ina dakika 20, haina kisa wala mtu anayezungumza. Niliikuta nikitafuta habari za vifaa ambavyo wataalamu wa nyota hutumia kulenga darubini, na tangu hapo imekataa kunitoka. Kilichonikamata ni ile stendi.

Ni stendi ya darubini. Mhimili wake huinamishwa ulingane na mhimili wa dunia, kisha ukazunguka taratibu, mzunguko mmoja kwa saa 24 hivi, kinyume na dunia inavyozunguka. Dunia ikiibeba kamera kuelekea mashariki, stendi huirudisha magharibi kwa mwendo uleule. Kwa hiyo nyota iliyolengwa haitoki kwenye lenzi. Welsby alichukua kifaa hiki cha usiku, akakipeleka kilimani mchana na kulenga jua. Hapo ndipo ujanja wake unapopendeza: ukiigeuza kamera kabisa ikalipa jua kisogo, inatazama palepale kivuli chake kinapoangukia. Hakuna haja ya kukitafuta.

Ifuate siku moja ya jua kali. Asubuhi kivuli ni kirefu, na kamera inatazama magharibi karibu usawa wa upeo wa macho. Kadiri jua linavyopanda ndivyo lenzi inavyoshuka, ikiacha mteremko wa mbali na kuingia kwenye majani, mawe na maji. Ikipita adhuhuri inaanza kuinuka tena, safari hii upande wa mashariki, mpaka jioni. Muda wote huo kivuli cha stendi kimetulia katikati ya picha, na ardhi ndiyo inayopita chini yake. Shuleni tulifundishwa kwamba dunia inazunguka, kwa mchoro na mishale ubaoni. Hapa unaiona ikizunguka, kijito na mawe yake vikisogea pamoja nayo.

Kisha linakuja wingu. Filamu huonyeshwa kwa fremu 24 kila sekunde, kwa hiyo sekunde moja mbele ya mtazamaji ni dakika nne za kilimani. Wingu lililotuama nusu saa linakuwa anga la kijivu kwa sekunde saba na nusu. Wingu la dakika moja ni fremu sita tu, limekuja na limekwenda kabla jicho halijakaa sawa. Siku ya mawingu mazito mtazamaji anakaa angani. Siku ya mawingu yaliyomegukameguka anarushwa juu na chini, mbinguni na ardhini, kwa mapigo ambayo hakuna mhariri angeyabuni mezani. Sauti nazo zilinaswa kila baada ya saa mbili, zikapangwa baadaye zilingane na wakati, na pia na mahali kamera ilipokuwa ikitazama.

Nani basi aliyeihariri filamu hii? Welsby ameeleza kwamba katika kazi zake mitambo ya sinema na mandhari hukutanishwa kwa namna inayovipa mwanga, upepo, na kupwa na kujaa kwa maji nafasi na muda wa kushiriki katika kujichora. Kila filamu, kwa maelezo yake, ni jaribio jingine la kuupanga upya mpaka ambapo akili ya binadamu inakutana na maumbile. Ukimsoma unaona hakubali kwamba mashine ni adui wa mlima. Wala hataki mlima uwe pazia la kuning'iniza hisia za mtu. Anachofanya ni kuweka kanuni, kisha kuitii. Naliona hilo kuwa tendo la heshima kubwa, hasa kwa mtu wa kazi ambayo kwa desturi humtaka mwongozaji awe mfalme.

Alitoka kwenye kundi la London la miaka ya 1970, vijana waliokuwa wakisafisha na kuchapa mikanda yao wenyewe kwenye London Film-Makers' Co-op. Mwaka 1972, katika Wind Vane, aliacha kamera mbili zigeuzwe na upepo kwenye uwanja wa Hampstead Heath. Katika Tree aliifunga kamera kwenye tawi la mti. Pamoja na William Raban aliweka kamera kwenye dirisha la kinu cha maji katika Kisiwa cha Wight, ikawa inapiga fremu moja kila dakika, usiku na mchana, maji ya mto Yar yakijaa na kupwa mbele yake.

Nikizitazama kazi hizi siwezi kuzuia kuzihamishia kwetu. Ile kamera ya upepo, ukiisimamisha Lamu katikati ya msimu wa kaskazi, ingekodoa macho upande mmoja wiki kwa wiki. Ingeanza kuhangaika wakati wa tanga mbili, kaskazi ikiondoka na kusi haijashika, na nahodha yeyote wa jahazi angeisoma bila kuelezwa. Stendi ya Carningli mhimili wake umeinama nyuzi 52 hivi. Ukiileta Nanyuki, kwenye ikweta, mhimili unalala chali kabisa. Mwezi Machi na Septemba, jua linapopita utosini, kivuli kingejikunja chini ya miguu ya stendi na kamera ingejitazama yenyewe miguuni. Na mchana wetu haubadiliki: saa 12 hivi mwaka mzima, yaani dakika tatu za filamu kwa siku. Wales mchana hupungua chini ya saa nane wakati wa baridi kali na kuvuka saa 16 wakati wa kiangazi. Ukigawa zile dakika 20 kwa siku saba, unapata mchana wa saa 11 na ushei. Hata majira ya mwaka yameandikwa ndani ya urefu wa filamu.

Lakini hapo Nanyuki ndipo linapozuka swali linaloniuma. Kwa zaidi ya miaka mia moja kamera za wageni zimeipiga picha ardhi ya Afrika Mashariki kana kwamba haina wenyewe: nyika, simba, machweo. Mandhari tupu yanapendeza, na utupu huo umewahi kuwagharimu watu malisho yao. Seven Days nayo haina watu. Tofauti ninayoiona, na ninaishikilia, ni kile kivuli. Kila jua linapotoka filamu inakiri kwamba kuna kitu kimesimama pale, kimeletwa na mtu, na kinatazama. Picha za utalii zinazorushwa kutoka angani hazifanyi hivyo hata mara moja.

Je, kukiri kunatosha? Mfugaji akipita na ng'ombe wake, kivuli chake kikaingia juu ya kivuli cha stendi, kanuni inasemaje? Abaki kwa fremu alizopita tu, ambazo kwa mwendo wa sekunde 10 hazizidi mbili au tatu? Au mtengenezaji wa filamu wa kwetu aanze na kanuni nyingine, inayogeuza kamera kwa nyayo badala ya mawingu? Kanuni ya Welsby haikuandikwa kujibu hilo. Ningependa kuona mtu akiijaribu, Laikipia au Ngorongoro, na wenyeji wakiwa ndio wanaoamua kamera igeuke lini.