Mwanagenzi na majalada ya Mahakama ya Afrika mjini Arusha

Vijana wanaokwenda kujifunza kazi ya kutetea haki za binadamu katika ngazi ya kimataifa mara nyingi hutarajia mikutano mikubwa na hotuba nzito. Katika Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu, mjini Arusha kaskazini mwa Tanzania, mwanagenzi hukutana kwanza na jalada, na swali la mwanzo analofunzwa kuuliza si nani aliyedhulumiwa.

Mahakama hiyo ilitokana na itifaki iliyopitishwa Ouagadougou, Burkina Faso, mwezi Juni mwaka 1998, ikaanza kutumika tarehe 25 Januari 2004. Majaji wake ni 11, na hakuna anayeruhusiwa kusikiliza shauri linaloihusu nchi yake. Ilipohamia Arusha mwaka 2007, mji huo ulikuwa tayari mwenyeji wa mahakama ya Umoja wa Mataifa iliyoshughulikia mauaji ya kimbari ya Rwanda, na hadi leo wako wanaozichanganya. Ile ya Rwanda, iliyofunga shughuli zake mwishoni mwa mwaka 2015, ilihukumu watu. Hii inahukumu dola. Hakuna kizimba wala mshtakiwa anayeletwa chini ya ulinzi. Anayesimama kujibu ni mwanasheria wa serikali.

Hukumu ya kwanza kabisa ya mahakama hiyo ni somo zuri kwa mgeni, ingawa ni somo chungu. Mwaka 2008 raia wa Chad aliyekuwa akiishi Uswisi, Michelot Yogogombaye, aliishtaki Senegal kuhusiana na mpango wa kumfungulia mashtaka rais wa zamani wa Chad, Hissène Habré. Tarehe 15 Desemba 2009 majaji walilitupa shauri hilo bila kugusa kiini chake. Sababu ilikuwa moja: Senegal haikuwa imetoa tamko la kukubali kushtakiwa moja kwa moja na watu binafsi. Tamko hilo limetajwa katika ibara ya 34, kifungu cha 6, ya itifaki, na nchi inaweza kuridhia itifaki yenyewe bila kulitoa. Kwa hiyo swali la mwanzo mbele ya kila jalada ni hili: je, mlango uko wazi?

Ukiwa wazi, yako masharti saba ya ibara ya 56 ya Mkataba wa Afrika. Mlalamikaji lazima ajitambulishe. Malalamiko yasitegemee habari za magazeti na redio peke yake. Yasiwe na lugha ya kuitukana serikali inayolalamikiwa, sharti ambalo ni gumu kuliko linavyosikika, kwa maana mtu aliyekaa gerezani miaka 15 akiamini ameonewa hatarajiwi kuandika kama balozi. Zito kuliko yote ni la kumaliza kwanza njia za kisheria za nyumbani. Hapo ndipo mwanagenzi hutumia siku nzima akipanga tarehe: hukumu ya mahakama ya wilaya, rufaa Mahakama Kuu, kisha Mahakama ya Rufani.

Sehemu kubwa ya majalada yaliyofikishwa Arusha imetoka Tanzania yenyewe, na mengi kati ya hayo ni ya wafungwa. Shauri la Alex Thomas linaonyesha kwa nini. Alihukumiwa kifungo cha miaka 30 kwa unyang'anyi wa kutumia silaha, baada ya kesi iliyoendeshwa wilayani Rombo bila yeye kuwa na wakili. Rufaa zake zilikataliwa. Serikali ilidai kwamba mahakama ya Arusha haina mamlaka ya kukaa kama mahakama ya rufaa juu ya mahakama za taifa. Majaji walikubali kwamba wao si mahakama ya rufaa, lakini wakasema wanaweza kupima kama mwenendo wa kesi ulifuata mkataba ambao Tanzania yenyewe iliukubali.

Tofauti hiyo ni nyembamba, na kijana aliyetoka chuoni huhitaji muda kuizoea. Anaposoma jalada la namna hii, fikra humtuma kutafuta ukweli wa lile tukio la usiku: je, huyu aliiba au hakuiba? Mahakama haiulizi hivyo. Inauliza kama alisikilizwa, kama alipata nafasi ya kujitetea, na kama mtu anayekabiliwa na adhabu kubwa alipewa wakili asipokuwa na uwezo wa kumlipa. Katika hukumu ya tarehe 20 Novemba 2015 majaji walisema haki hiyo ya kupewa msaada wa kisheria ipo hata kama mshtakiwa hakuuomba, na kwamba Tanzania iliivunja. Hawakuamuru Thomas aachiwe. Waliitaka serikali irekebishe madhara, wakazuia kesi isianzwe upya, kwani alikuwa ameshatumikia sehemu kubwa ya kifungo chake. Anayetafuta ushindi wa kushangilia katika kurasa hizo atausubiri sana.

Iko njia nyingine, ndefu zaidi, inayopitia Tume ya Afrika yenye makao yake Banjul, Gambia. Waogiek wa msitu wa Mau nchini Kenya waliitumia, kwa kuwa Kenya haikuwa imetoa tamko. Tume ndiyo iliyolipeleka shauri lao Arusha. Walishinda tarehe 26 Mei 2017, na fidia ikatangazwa tarehe 23 Juni 2022: shilingi za Kenya milioni 57.85 kwa hasara ya mali na milioni 100 kwa madhara ya kimaadili. Miaka 5 ilipita kati ya hukumu na fidia. Mahakama haina askari wa kukamata wala dalali wa kuuza mali ya serikali. Utekelezaji hufuatiliwa na Baraza la Mawaziri wa Umoja wa Afrika.

Jaribio kubwa zaidi lilikuja mwezi Novemba mwaka 2019. Tarehe 21 Tanzania, nchi mwenyeji, iliwasilisha barua ya kuliondoa tamko lililokuwa limetolewa mwaka 2010. Siku saba baadaye, tarehe 28, majaji walitoa hukumu katika shauri la Ally Rajabu na wenzake, wakasema sheria inayomlazimisha hakimu kutoa adhabu ya kifo kwa kila kosa la kuua kwa kukusudia, bila kupima mazingira ya kosa, inakiuka haki ya kuishi. Tanzania ilipewa mwaka mmoja kuirekebisha. Rwanda ilikuwa imeshaliondoa tamko lake mwaka 2016. Benin na Ivory Coast zikafanya hivyo mwaka 2020.

Kutokana na uamuzi uliotolewa awali kuhusu Rwanda, kujiondoa huanza kufanya kazi baada ya miezi 12, wala hakuyagusi mashauri yaliyokwisha kufunguliwa. Kwa Tanzania tarehe ilikuwa 22 Novemba 2020. Ndiyo maana muhuri wa kupokelea barua, kitu ambacho mwanagenzi angekipita bila kukitazama, una uzito kuliko hoja nyingi zilizomo ndani. Wafungwa wawili wa gereza moja wanaweza kuwa na malalamiko yanayofanana neno kwa neno. Wa kwanza, aliyepokelewa kabla ya tarehe hiyo, majaji watamsikiliza hata ikichukua miaka. Wa pili atajibiwa kwa sababu ile ile aliyopewa Yogogombaye mwaka 2009.