Maji Yasiyo na Rangi Si Lazima Yawe Safi

Mkulima, ikiwa shamba lako katika skimu liko chini ya mji wenye kiwanda cha nguo, na maji ya ng'ombe na ya mboga unayateka mtoni, habari hizi zakuhusu wewe. Mto ukipita na rangi ya buluu au nyekundu, kila mtu huona na kujihadhari. Lakini maji mabaya huweza pia kupita yakiwa meupe kabisa, na hapo ndipo watu hudanganyika.

Yafaa kwanza ujue rangi hizo zatoka wapi. Zamani watu walitia nguo rangi za mizizi, magome na majani. Mwaka 1856 kijana Mwingereza, William Henry Perkin, alipata rangi ya zambarau kutokana na lami ya makaa ya mawe, na tangu hapo rangi za viwandani zimeenea duniani pote. Zaidi ya nusu ya rangi za siku hizi ni za jamaa iitwayo azo. Zimeundwa zisitoke kwa jua wala kwa sabuni. Hiyo ni sifa njema kwa shati lako, bali ni taabu kwa mto, maana kisichotoka katika shati hakiozi upesi majini.

Je, ni nani awezaye kuzivunja? Ni vijidudu wasioonekana kwa macho, hasa bakteria. Wewe mwenyewe unawatumia kila siku. Wamo tumboni mwa ng'ombe wako, wakivunja nyasi ambazo yeye peke yake asingeweza kuziyeyusha. Wamo pia katika lundo la mboji. Hakuna aina moja imalizayo kazi yote. Hawa huanza, na wale hupokea.

Katika kiwanda kinachotumia vijidudu hawa kusafisha maji, kazi hufanywa kwa hatua mbili.

Hatua ya kwanza ni tangi lililofunikwa lisipate hewa. Humo bakteria wasiotaka hewa hukata kiungo cha azo, na rangi hutoweka. Ni lazima wapate chakula kingine cha kuwatia nguvu, kama ule wanga uliopakwa kwenye nyuzi kabla ya kufumwa, ambao hutoka nguo zikioshwa.

Lakini usishangilie bado. Vipande vinavyobaki, viitwavyo amini, havina rangi, na huku baadhi yake ni sumu, na vingine vyajulikana kuleta kansa. Mara nyingi bakteria wale wa kwanza hawawezi kuvimaliza.

Hatua ya pili ni tangi linalopulizwa hewa. Hapa bakteria wapendao hewa huvila vingi vya vipande vile. Mpango huu haufai kugeuzwa: hewa ikitangulia, rangi nyingi za azo hupita bila kuguswa. Na kiwanda kikiishia hatua ya kwanza, maji hutoka meupe yakiwa na sumu ndani.

Tena kuna kitu ambacho vijidudu hawali kabisa, nacho ni chumvi. Rangi nyingi za pamba hutaka chumvi nyingi ili zishike. Chumvi hiyo ikifika shambani hufanya mizizi ishindwe kunywa maji, na udongo hushikamana ukawa mgumu.

Wakulima wa Tiruppur, kusini mwa India, waliyaona haya. Bwawa la Orathupalayam katika mto Noyyal lilimalizika mwaka 1992 ili wapate maji ya mashamba. Viwanda vya rangi vilimwaga maji yao mtoni, na bwawa likajaa maji ya chumvi yasiyofaa kilimo. Wakulima wakaenda mahakamani, na mwaka 2011 Mahakama Kuu ya Madras ikaamuru viwanda hivyo vifungwe hata vitakapoacha kabisa kumwaga maji machafu.

Basi wewe ufanye nini?

1. Usiyapime maji kwa macho tu. Tazama udongo: ukiona ukoko mweupe juu yake, au kingo za majani zimeungua, mwite Bwana Shamba.

2. Usitegemee kuchemsha. Moto huua vijidudu wa magonjwa, lakini hauondoi chumvi wala amini.

3. Mto ukibadilika rangi, andika siku, saa na mahali. Zuia mifugo, na funga mfereji wako.

4. Peleka habari kwa chama chenu cha watumiaji maji na kwa NEMA. Kwa Kanuni za Ubora wa Maji, kiwanda hakiruhusiwi kumwaga maji machafu bila leseni. Ulizeni kama leseni ipo, na maji yamepimwa nini: rangi peke yake, au sumu na chumvi pia?

Vijidudu ni vibarua hodari, lakini wanataka msimamizi. Usimamizi huo ni wa mwenye kiwanda na wa Serikali. Kuuliza ni haki yako wewe unayekaa chini ya mto.