Jirani anapokuonyesha kona iliyomshinda

Somo: Mithali 24:30-34

Ukifungua somo letu la leo utamkuta mtu akifanya kile ambacho vikundi vya wakulima huita ziara ya mafunzo. Anapita kando ya shamba la mtu mvivu. Miiba imeota kila mahali na ukingo wa mawe umeanguka. Angeweza kucheka na kwenda zake, lakini anasimama, anatazama kwa makini, na anaondoka na funzo.

Kifungu hiki nilikielewa vizuri miaka michache iliyopita, nilipofuatana na wakulima wa kanisa letu, hapa magharibi mwa Kenya, kumtembelea mkulima mwenzao karibu na Ziwa Victoria. Sote tulikuwa na adui mmoja, gugu la striga, ambalo Waluo huliita kayongo. Kama hujawahi kuliona, usidanganywe na ua lake zuri la zambarau. Mizizi yake hujishika kwenye mizizi ya mahindi na kuyanyonya, na unapoliona limechomoza, madhara mengi yamekwisha kutokea chini ya udongo. Mmea mmoja huangusha mbegu maelfu kwa maelfu, ndogo kama vumbi, na hukaa ardhini miaka mingi zikingoja. Si ajabu wako waliosema mashamba yao yamerogwa.

Mwenyeji wetu hulima kwa njia ya sukuma-vuta, iliyobuniwa katika miaka ya 1990 na watafiti wa ICIPE, wenye kituo huko Mbita, pamoja na wenzao wa Rothamsted, Uingereza. Katikati ya mistari ya mahindi hupandwa desmodiamu. Harufu yake huwafukuza nondo wanaozaa viwavi watoboao mabua, na nyasi za nepia zilizopandwa pembeni huwavuta wakatage huko. Mizizi ya desmodiamu nayo huziamsha mbegu za striga, zikachipua na kufa kabla hazijashika mahindi. Majani yote hayo ni chakula cha ng'ombe.

Niseme kweli: hayo yote tulikuwa tumeyasikia redioni. Hakuna aliyeyafuata. Tulisimama pale tukitikisa vichwa kwa adabu, kama tunavyofanya mahubiri yakirefuka, na nilijua wengine walikuwa wakiwaza kwamba huyu bwana ana pesa za mbolea ambazo hazitaji.

Ndipo mama mmoja wa kikundi chetu akauliza, "Na ile sehemu ya nyuma ya boma, mbona hatupelekwi?"

Mwenyeji akanyamaza kidogo. Kisha akatupeleka. Ilikuwa kona iliyojaa maua ya zambarau, na mahindi yake yalikuwa ya manjano, yakifika magotini. Akatueleza bila kuficha. Mbegu za desmodiamu ni ndogo sana, na alizimwaga bila kuzichanganya na mchanga, zikaota mafungu mafungu. Palizi mbili za mapema alizikosa kwa sababu ya msiba wa familia. Magugu yakazimeza. Mbegu yenyewe si rahisi, na hakuwa na fedha za kununua nyingine msimu ule.

Hapo ndipo madaftari yalipotoka mifukoni. Maswali yakaja kwa fujo, na mzee mmoja ambaye hakuwa amesema neno tangu asubuhi akakiri kwamba yeye alijaribu desmodiamu mwaka uliotangulia, ikamfia vivyo hivyo, akaona aibu kutuambia.

Nimekuwa nikiufikiria mwaka ule wa aibu. Tulikuwa tukiketi naye benchi moja kila Jumapili. Tuna kipindi kizima cha ushuhuda, lakini sisi huleta kanisani mavuno peke yake. Ndoa ikipona ndipo tunasimama kusema iliwahi kuugua. Mtoto akirudi nyumbani ndipo tunataja kwamba alipotea. Basi aliye katikati ya msimu mbaya anatutazama na kuamini kwamba kona mbaya iko kwake tu. Wewe, msomaji wangu, ni nani aliyewahi kuiona kona yako? Na aliyekuonyesha ya kwake, ulimtendaje?

Jambo jingine lilinisumbua njiani tukirudi. Ndani ya gari wanawake walikuwa watatu tu, ilhali katika nyumba nyingi za kwetu mwenye kushika jembe la palizi ni mama. Palizi ndiyo iliyoiangusha ile kona. Wazee wa kanisa mnaopanga ziara za namna hii, nawaomba mwangalie orodha ya majina kabla gari halijaondoka.

Kabla hatujaagana mwenyeji alikata mashina ya desmodiamu kutoka sehemu iliyostawi, maana hushika hata bila mbegu, akayafunga ndani ya gunia lililoloweshwa. Alimpa yule mama aliyeuliza. Kesho yake, Jumapili, nililiona gunia lile chini ya mwembe nje ya kanisa, bado linachuruzika maji. Ibada ilipokwisha mama hakungoja chai. Alijitwika gunia lake kichwani, na yule mzee akamfuata nyuma akiwa amebeba jembe.