Kinga ya Mmea Huamshwa Mapema

Ndugu Wanachama,

Huko bara, Ufipa, penye mji wa Sumbawanga, nchi ni ya juu na ya baridi. Mvua ikizidi, maharagwe hushikwa na chule, ugonjwa wa ukungu utiao madoa meusi katika maganda.

Mwaka 1969 wataalamu wa Marekani, akiwamo Joseph Kuć, walionyesha kuwa mharagwe ulioguswa kwanza na ukungu usioudhuru huamka ukajikinga na chule. Siku hizi maganda ya kamba na kaa hutolewa kitosani, dawa iamshayo kinga vivyo hivyo. Lakini haiponyi mmea uliokwisha kuugua.

Basi nasi tusingoje mikarafuu ikauke. Tuchumapo tusivunje matawi, kwani ukungu huingia penye jeraha. Usipoziba ufa, utajenga ukuta.

Katibu