Riwaya za uchawi za Uingereza ya 1811-1820, na mtoto wa Boma aliyeuzwa kwenye sukari

London, mwaka 1812. Msichana wa miaka 18 anangoja siku ya kupelekwa mbele ya malkia, kama desturi ya familia za kitajiri. Lakini mtumishi mmoja wa kike wa nyumba yao ametoweka. Msichana anaanza kugundua kwamba yeye mwenyewe ana nguvu zisizo za kawaida, na kwamba mjini humo kuna viumbe waovu wanaotembea wakiwa na sura za watu.

Ndivyo inavyoanza The Dark Days Club, riwaya ya Alison Goodman, mwandishi wa Australia. Ni moja ya vitabu vya vijana vinavyochanganya historia na uchawi katika kipindi ambacho Waingereza wanakiita Regency. Mfalme George III alikuwa amepoteza akili. Februari 1811 mwanawe alikabidhiwa madaraka, akatawala kwa niaba ya baba hadi mfalme alipofariki Januari 1820. Ni miaka ya vita na Napoleon, na pia ya dansi za usiku ambamo wazazi walitafutia mabinti zao wachumba.

Tuelewane hapa. Kwetu Kivu neno ulozi linatisha, maana wamama wazee wameuawa kwa kutuhumiwa tu. Uchawi wa vitabu hivi si huo. Humo uchawi ni kama elimu: kuna wanaoruhusiwa kuupata na kuna wanaonyimwa.

Ndiyo maana wasichana wanavipenda. Kwa sheria ya Uingereza ya wakati ule, mwanamke akiolewa mali yake iliingia mikononi mwa mumewe, na chuo kikuu hakikumpokea. Mwandishi akimpa uchawi, anampa kile ambacho sheria ilimkatalia. Mwaka 1988 Wamarekani wawili, Patricia Wrede na Caroline Stevermer, walitoa Sorcery and Cecelia, habari ya mabinamu wawili wanaoandikiana barua mwaka 1817, mmoja London, mwingine kijijini. Waandishi wenyewe waliandikiana barua hizo kama mchezo, bila kupanga pamoja hadithi itaelekea wapi. Ndiyo sababu inachekesha hivyo.

Lakini nyingi ya riwaya hizi zina kasoro moja: chai inanywewa, keki zinaliwa, na hakuna anayeuliza sukari imetoka wapi. Ilitoka visiwa vya Karibi, kwa jasho la Waafrika. Uingereza ilipiga marufuku biashara ya watumwa mwaka 1807, ila utumwa wenyewe uliendelea katika makoloni yake hadi 1834. Wenye watumwa walilipwa fidia ya pauni milioni 20. Walioachiwa huru hawakupata kitu.

Zen Cho, mwandishi wa Malaysia anayeishi Uingereza, aliuliza. Katika Sorcerer to the Crown (2015), kitabu ambacho vijana wanakisoma ingawa hakikuandikwa kwa ajili yao tu, mkuu wa wachawi wa Uingereza ni Zacharias, kijana mweusi. Alipokuwa mtoto, tajiri mmoja alimnunua kwenye meli ya watumwa akamwachia huru, lakini wazazi wake hakuwanunua. Zacharias anampenda mlezi wake na hawezi kusahau hilo. Nadhani hakuna uchawi katika kitabu kile wenye uzito kama huo.

Na si mawazo matupu. Mwaka 1816 jeshi la majini la Uingereza lilimtuma kapteni James Tuckey kuchunguza mto Kongo. Alipanda mpaka maporomoko ya Yellala, akaendelea kwa miguu, kisha homa ikawamaliza wengi wa wenzake. Naye alikufa Oktoba mwaka huo. Shajara yake ilichapishwa London mwaka 1818, mwaka uleule ambao Mary Shelley, msichana wa miaka 20, alitoa Frankenstein.

Katika shajara hiyo yumo mkalimani wa meli, Mkongomani aliyeitwa Simmons. Alikuwa mtoto wa mkubwa mmoja wa Boma. Akiwa na miaka kama minane au kumi, baba yake alimkabidhi kwa kapteni wa meli ya Liverpool ili akasomeshwe Uingereza. Kapteni akampeleka kisiwa cha St Kitts akamuuza kwenye mashamba ya sukari. Baadaye kijana alitoroka, akaingia kwenye meli ya kivita ya Waingereza, na miaka ikapita kabla ya kupata nafasi kwa Tuckey.

Meli ilipofika upande wa Boma, mzee akapanda ndani kumtafuta mtoto aliyempeleka shule. Akamkuta mwanamume mzima, akamkumbatia.