Kuwalisha Ndege wa Uani Pasipo Kuwadhuru

Mwezi huu sina habari ya safari wala ya mkutano. Nina habari ya ndege wanaokula uani mwangu hapa Tandahimba, na ya kosa nililolifanya mwenyewe, maana nimeona kwamba wengi wetu hulifanya kosa lilo hilo bila kulijua.

Ninyi mkaao huku juu mwajua hali ya kiangazi chetu. Tangu mwezi wa Julai hata mvua za Desemba nchi hukauka kabisa. Mchanga wetu hauzuii maji. Mvua ikinyesha hupenya chini ikaenda zake mabondeni, na zamani mama zetu walitelemka huko kuyateka, wakatoka alfajiri wakarudi jua limepanda. Siku hizi bomba latuletea maji kutoka Mitema, leo yaja, kesho hayaji, na mwenye nyumba ya bati hujenga kisima cha saruji apate kukinga maji ya mvua. Basi ikiwa mtu hupata maji kwa shida, ndege watayapata wapi? Mwezi wa Septemba utaona shomoro na chiriku na tetere wamekusanyika mahali mama aoshapo vyombo, wakigombea tone moja.

Mwaka jana mpwa wangu, mtoto wa dada yangu, alikuja kukaa kwangu. Umri wake miaka kumi. Alikuja na nguo mbili na manati shingoni, na siku ya kwanza alikwisha kumwangusha tetere. Nikamwambia, “Hapa kwangu ndege hawapigwi.” Akaniuliza, “Mjomba, kama hatuwali, twawatakia nini?” Sikuwa na jawabu la upesi. Nikamketisha barazani, nikamwonyesha shomoro akiingia na kutoka chini ya paa, na kila akiingia ana mdudu mdomoni kwa ajili ya makinda yake. Tukahesabu mpaka tukachoka. Jioni aliitundika manati ukutani, na asubuhi akaja kuomba chakula cha kuwapa.

Hapo ndipo nilipokosa. Ghalani palikuwa na karanga zilizobaki chini ya gunia. Gunia lilikuwa limelowa, na karanga zimeota ukungu wa rangi ya kijani. Mke wangu alikwisha kuzikataa jikoni. Nami nikasema, kisichomfaa mtu chamfaa ndege. Nikampa mtoto zile karanga, akazitwanga kidogo, akazimwaga uani.

Jirani yetu, mama mmoja mjane, alikuwa na bata jike mwenye vifaranga tisa. Bata hawajui mpaka wa ua. Walikuja wakala pamoja na ndege, siku ile na siku zilizofuata. Baada ya siku chache vifaranga wawili walizubaa, wakaacha kula, mabawa yakalegea. Lilipokwisha juma walikuwa wamekufa saba. Mama yule akaja akasimama mlangoni, akasema, “Mwalimu, sijui ni ugonjwa gani huu. Nilikuwa nimewaweka kwa sare na viatu vya mjukuu wangu, Januari aingie darasa la kwanza.” Nikampa pole, nikampeleka kwa bwana mifugo.

Bwana mifugo alimpasua mmoja, akalitazama ini, kisha akauliza walikula nini. Mama akasema pumba na majani. Mimi nilinyamaza. Naye akatueleza habari ya sumukuvu, ambayo nalikuwa nimeisikia ikitajwa redioni, lakini kwa habari ya mahindi ya watu, wala si ya ndege.

Ukungu fulani huota katika karanga na mahindi yasiyokauka vizuri, nao hutoa sumu. Kuipika hakuiondoi, wala kuyaosha mahindi hakutoshi. Mwaka 1960 huko Uingereza walikufa bata mzinga zaidi ya 100,000, wala watu hawakujua sababu, hata ikaonekana kwamba wote walikuwa wamelishwa mashudu ya karanga yaliyotoka Brazil. Kwa vifo vile ndivyo wataalamu walivyoitambua sumu hiyo, na vifaranga vya bata ni katika viumbe wanaodhurika nayo upesi kuliko wote. Na msidhani ni jambo la ndege tu. Mwaka 2016, katika mikoa ya Dodoma na Manyara, watu 68 waliugua kwa kula mahindi yenye sumu hii, na 20 kati yao wakafa.

Usiku ule sikulala vizuri. Mtu aweza kujiambia, nani ajuaye kwamba ni karanga zangu? Asubuhi nilivuka ua nikamwambia, “Mama, bata wako nimewaua mimi. Karanga zilikuwa mbovu.” Akakaa kimya kitambo, akitengeneza moto. Kisha akasema, “Hata mimi niliziona zile karanga, Mwalimu. Nikafikiri mwalimu ajua.” Neno hilo liliniuma kuliko kama angalinitukana. Fedha ya korosho ilipopatikana, sare na viatu vya mtoto vilitoka kwangu.

Mpwa wangu aliogopa, akataka tuache kabisa kuwapa ndege kitu. Nikamwambia, la, tujifunze. Na haya ndiyo tuliyojifunza, mengine kwa bwana mifugo, mengine kwa kusoma, mengine kwa macho yetu.

Kwanza ni maji, maana kiangazi ndege huhitaji maji kuliko chakula. Sisi tuna sahani pana ya udongo, kina chake hakizidi vidole viwili, na katikati tumeweka jiwe, ili ndege mdogo asizame apate pa kusimama. Imewekwa peupe, mbali na kichaka, kwa sababu paka hujificha vichakani. Kila asubuhi mtoto huyamwaga maji ya jana kwenye shina la mpapai, maana kwetu maji hayatupwi, akaisugua sahani kwa mchanga, akaianika juani hata ikauke kabisa, ndipo akatia mengine. Mke wangu alinung’unika mwanzoni kwa ajili ya maji, na kwa haki. Tukakubaliana kwamba ndege watapata kikombe kimoja kwa siku, basi.

Jambo hili la kusugua si la urembo. Njiwa na tetere wana ugonjwa wao wa koo, nao huambukizana kwa mate yaliyobaki katika maji na chakula. Huko Uingereza watu wengi hupenda kuwawekea ndege chakula bustanini. Tangu mwaka 2005 ugonjwa huo uliwaingia ndege wadogo wa jamii ya chiriku, na aina moja ya rangi ya kijani, iliyokuwa nyingi sana, imepungua kwa zaidi ya nusu. Waliwapenda ndege wao, nao kwa meza zisizosafishwa wakawakusanyia ugonjwa mahali pamoja.

Katika chakula, mtama na ulezi safi na chenga za mchele ni vizuri, na kipande cha papai au bibo kwa wale walao matunda. Kidogo tu, kiasi cha kwisha kabla ya jioni. Kikibaki huja panya, na panya akija, nyoka humfuata. Mahali pa kumwaga tunapahamisha baada ya siku chache, vinyesi visirundikane. Chakula chenye chumvi nyingi tusiwape. Maji ya dagaa wa chumvi yaweza kumwua ndege mdogo. Maganda mabichi ya muhogo mchungu tusiyatupe uani, sumu yake mwaijua. Ndiyo maana wazee wetu waliukausha muhogo wakafanya makopa. Mbegu za dukani zilizopakwa dawa ya rangi ni za kupanda tu, hata zikibaki.

Na kwa sisi watu wa korosho, liko jambo la msimu. Miezi ya kupulizia dawa mikorosho, unga wa salfa hupeperuka ukatua kila mahali, nao huwasha macho ya watu na ya ndege. Dawa za maji za kuua wadudu ni za hatari zaidi. Siku ile jirani apuliziapo, sahani yetu hufunikwa, na kopo la dawa halioshwi karibu na mahali ndege wanywapo. Nimeona mtu akiligeuza kopo la dawa kuwa chombo cha kuwanyweshea kuku. Asifanye tena.

Kuku nao wapewe chakula chao mbali na ndege wa mwitu. Mdondo, ambao wengine huuita kideri, mwaujua: ukiingia kijijini waweza kulifuta banda zima kwa juma moja, na njiwa na ndege wengine waweza kuuleta. Dawa yake ya kinga ipo, ni tone moja jichoni kwa kila kuku, mara moja kila miezi minne. Iko chanjo iitwayo I-2, iliyotengenezwa kwanza Australia, ambayo huvumilia joto kuliko zile za zamani, basi yafaa kwa vijiji visivyo na barafu. Lakini hupewa kuku wazima. Aliyekwisha kuugua haimponyi. Watu humwita bwana mifugo banda likiwa limebaki manyoya, kisha wakasema dawa yake haifai kitu.

Mkiona ndege wengi wamekufa pamoja, msiwashike kwa mikono mitupu wala msiwapike. Mwezi wa Januari mwaka 2017 homa ya ndege ilionekana Uganda kando ya Ziwa Victoria, katika ndege wa mwitu na wa kufugwa. Mpasheni habari bwana mifugo, nanyi mwangojee.

Nilisahau habari ya kisima. Mtu asimwage chakula cha ndege karibu na paa likingalo maji ya kunywa. Ndege akila huruka akatua juu ya bati, na aachacho pale mvua hukiteremsha kisimani. Mwaka jana, mvua ya kwanza ya Desemba, tuligeuza mfereji, maji yakamwagika nje hata bati likaoshwa, ndipo tukayaelekeza kisimani. Jirani mmoja alitucheka kwa kuyamwaga maji. Mwaka huu amefanya hivyo yeye mwenyewe, nami sikusema neno.

Mpwa wangu bado yuko kwangu. Manati ingali ukutani, mpira wake umeanza kupasuka. Bata wa mama jirani ametaga tena na sasa anaatamia mayai kumi na moja, na ua wetu tumeuziba kwa fito upande ule. Jana mama alileta mtama kidogo katika kibakuli, akamwambia mtoto, “Wape ndege wako. Nimeuchagua mwenyewe.”